Daftari Ishirini na Tatu za Edirin

Edirin alikuwa mpanga chapa. Duka la uchapaji la Mzee Ighoteguono lilikuwa barabara ya Okere, hapa Warri, na kwa miaka mingi ukipita pale ungemwona amesimama mbele ya makasha ya herufi za risasi, vidole vyeusi kwa wino, akiokota herufi moja moja na kuzipanga kichwa chini kama zinavyotakiwa. Kazi kubwa ya duka ilikuwa matangazo ya misiba. Sisi Waurhobo hatumziki mtu kimyakimya. Lazima uso wake ubandikwe kila ukuta, na chini yake majina ya watoto, wajukuu, wakwe na kila anayetaka kuonekana.

Herufi za duka hazikuwa nyingi. Mara kwa mara E zilikuwa zinakwisha katikati ya sifa za marehemu. Wapanga chapa wengine wangekaa kusubiri ukurasa wa kwanza uchapwe ubomolewe. Edirin hakusubiri. Alitafuta maneno mengine yenye maana ileile ambayo hayakuhitaji E, akayapanga, na wenye msiba wakaja wakasoma wakalia kwa furaha.

"Binti huyu," Mzee Ighoteguono alikuwa akisema, "anaweza kumzika mtu kwa herufi kumi na mbili tu."

Shule aliishia kidato cha tatu. Nalisema hili kwa sababu baadaye lilitumiwa dhidi yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, na kila Jumamosi alasiri nilikuwa mshika kamusi wa klabu ya mchezo wa herufi. Tulikutana katika ukumbi ulio nyuma ya baa ya Madam Roli. Meza sita, mbao sita, na mifuko ya vigae vyenye herufi. Kila mchezaji huchomoa vigae saba na kutafuta neno la Kiingereza. Mwenzake akilitilia shaka neno, hulipinga, na hapo wote hunigeukia mimi. Nikisema lipo, lipo. Nikisema halipo, mtu anaondoa vigae vyake huku akinitukana. Jina langu la kuzaliwa walishalisahau. Waliniita Oga Kamusi, yaani Bosi Kamusi.

Mwaka 1992 tuliagiza karatasi za matokeo kwa Mzee Ighoteguono, na Edirin ndiye aliyezileta. Alisimama mlangoni na furushi lake, akingoja mtu wa kulipokea. Meza ya karibu alikuwa amekaa Onoriode, karani wa kampuni moja ya mafuta, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na mdomo usiopumzika. Siku hiyo mdomo ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameviinamia vigae vyake saba, jasho linamtiririka shingoni, na mwenzake anampigia kidole saa ya mchezo.

"Kaka," Edirin alisema, "una Sapele mkononi na D juu yake. Unalilia nini?"

Ukumbi mzima ulicheka. Sapele ni mji, na majina ya miji hayaruhusiwi.

"Nani kamruhusu muuza karatasi kusema?" mmoja akauliza.

"Dada, nenda kakaange akara za kunde uuze," mwingine akadakia. "Hapa watu wanafikiri."

Edirin hakukasirika. "Mimi nilidhani mnajua. Sapele ukiivunja ukaipanga upya inakuwa please. Ukiivunja tena inakuwa asleep. Mkitaka ya tatu ipo. Sasa yeye ana D. Aiweke mwishoni mwa please, amalize vigae vyote saba, apewe pointi zake hamsini za ziada, mimi nipokelewe mzigo niende."

Onoriode aliviangalia vigae kama mtu aliyeonyeshwa nyoka chini ya kiti chake. Akaliweka neno. Akashinda. Kisha akanyanyuka, akapokea furushi kwa mikono miwili, akamvutia Edirin kiti.

Ndani ya mwaka mmoja hakukuwa na mtu wa kumfunga pale klabuni. Walijaribu wote. Walijaribu hata kumsemesha anapofikiri, na yeye aliwajibu huku anaweka neno la herufi nane.

Siri yake haikuwa siri, maana alimwonyesha kila aliyeuliza. Alichukua neno kutoka kamusi yangu, akalivunja, akaziandika herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti, na pembeni akaorodhesha kila neno linaloweza kutoka humo. Alifanya hivyo neno baada ya neno, herufi nne, tano, sita, saba, nane, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima kama chapa. Aliazima kamusi yangu Jumatatu, akairudisha Ijumaa. Daftari ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa. Zilifika ishirini na tatu, kubwa zile za jalada gumu, na zilimchukua miaka kumi na mmoja, kwa sababu alikuwa amezianza zamani, kwa maneno ya matangazo ya dukani, kabla hajatujua sisi wala vigae vyetu.

Niliwahi kumuuliza faida yake ni nini, nje ya kutuaibisha.

"Akili inazoea, Oga Kamusi," aliniambia. "Ikizoea kuona kwamba herufi zilezile zinaweza kukaa vingine, basi mtu akikuletea maneno yamepangwa vizuri, hushangilii. Unajiuliza yangekaaje vingine."

Hakuwa anajisifu. Alikuwa na kikundi cha akina mama sokoni, Jumatano baada ya biashara, akiwafundisha kusoma kwa herufi kuukuu alizopewa na Mzee Ighoteguono. Alimwaga herufi mezani, wao wakatafuta majina yao, kisha majina ya vitu, kisha wakaanza kushindana. Mama Vwede, muuza usi, ule ugali wetu wa wanga wa muhogo, alikuwa hajawahi kushika kalamu. Baada ya miezi saba shemeji zake walimletea karatasi atie dole gumba, wakimwambia ni ya kukodisha shamba la marehemu mume wake. Mama Vwede aliisoma taratibu, akafika katikati, akaikunja na kuiweka kifuani.

"Hapa pameandikwa kuuza," aliwaambia. "Kukodisha hakuna hata D yake."

Shamba lile analo mpaka leo. Mimi nimefundisha miaka thelathini na sijawahi kumpa mtu yeyote kitu kama kile.

Onoriode alimwoa Edirin mwaka 1994. Watu walisema amefuata daftari. Mimi nilisema hapana, anampenda, na bado naamini kwamba mwanzoni alimpenda. Lakini hakuweza kumfunga. Walicheza nyumbani kila jioni kabla ya chakula, na kila jioni alishindwa, naye alikuwa mtu ambaye kushindwa kunamkaa tumboni. Alianza kusema mbele ya watu, kwa utani, "Mke wangu anajua maneno yote, ila neno samahani hajalifikia." Tulicheka. Edirin naye alicheka.

Siku moja pale klabuni waliwekwa meza moja. Edirin aliweka ukodo, ule mchuzi wetu wa viazi vikuu na pilipili. Onoriode akapinga, wakanigeukia mimi.

"Halimo kwenye kamusi," nikasema.

"Watu milioni ngapi wanaula na kulitaja jina lake," Edirin akajibu, "halafu kitabu cha mtu wa Uingereza ndicho kitaniambia halipo?"

"Ondoa vigae, Mama."

Aliviondoa, na ule ndio ukawa mchezo pekee aliowahi kupoteza kwa mume wake. Lakini nyumbani akaliandika kwenye daftari makusudi, kwenye orodha ya maneno ya herufi tano: D, K, O, O, U, na pembeni yake, ukodo. Alinionyesha. "Humu ndani mshika kamusi ni mimi," alisema.

Mwaka 1996 jimbo lilitafuta wachezaji wawili wa kwenda mashindano ya taifa. Edirin alikuwa wa kwanza kwenye mchujo. Wa pili alikuwa kijana mmoja wa Agbor. Onoriode alikuwa wa tatu. Edirin alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nilikuwa sebuleni kwao siku walipolizungumza. Nilikuwa nimekuja kuchukua kamusi yangu.

"Safari ya siku mbili kwenye basi, na tumbo hilo," Onoriode alisema. "Ukimpoteza mtoto kwa ajili ya vigae, mama yangu atakuita nani?"

"Daktari amesema naweza kusafiri."

"Daktari hatazaa yeye. Edi, sikiliza. Nikienda mimi, si ni sisi wawili tumeenda? Nipe daftari nisome. Nikishinda, umeshinda."

Edirin alinitazama, kama mtu anayengoja kusikia kama neno lipo au halipo. Nikasema mambo ya mume na mke mimi simo. Nikachukua kamusi yangu nikaondoka.

Alimwachia nafasi. Jina lake kwa Kiurhobo maana yake ni subira, na watu walimpongeza kwa hilo, wakasema kweli ameitwa alivyo.

Onoriode alirudi na medali ya fedha. Magazeti yalimhoji, naye akasema amebuni mfumo wake wa kupanga herufi unaonoa akili. Nilisoma maneno hayo nikiwa kwa kinyozi. Nilifikiri mwandishi amekosea. Edirin naye alifikiri hivyo, au alisema alifikiri hivyo.

Baada ya Ejiro kuzaliwa, kampuni ilimhamishia Onoriode Lagos. Alikuja kila mwezi, halafu kila Krismasi. Katika Krismasi mojawapo alizibeba daftari zote ishirini na tatu kwenye sanduku. Alisema atazipeleka kwa mtu wa kompyuta zipigwe chapa zisije zikaliwa na mchwa. Edirin alizifunga mwenyewe kwa kamba, kwa mfuatano, akaweka namba juu ya kila moja.

Kitabu kilitoka mwaka 2001. Kilikuwa kinene, jalada la bluu, picha ya Onoriode ameshika kidevu. Kilihusu kunoa akili kwa kupanga herufi, na baada ya kurasa arobaini za maelezo zilifuata orodha. Alikuja Warri kukizindua. Wiki moja kabla ya uzinduzi alinifuata nyumbani, akapiga magoti mlangoni kunisalimu kama kijana mwema.

"Migwo, Oga."

"Vrendo," nikamjibu, nikamwinua.

Akanipa kitabu. Akaniambia chama cha taifa kinatafuta mwamuzi mkuu, mtu mzima anayeijua kamusi, atakayesafiri na timu. Yeye yumo kwenye kamati na ameshalitaja jina langu. Kisha akasema, kana kwamba amekumbuka tu, kwamba siku ya uzinduzi angependa nikae meza ya mbele.

Nilikisoma kile kitabu chote. Ukurasa wa themanini na moja, maneno ya herufi tano: D, K, O, O, U. Ukodo. Mpiga chapa wa Lagos hakulijua, akalinakili kama alivyolikuta. Na Onoriode, ambaye amelelewa kwa ukodo, hakuwa amesoma hata orodha za kitabu chake mwenyewe. Kwenye shukrani aliandika mstari mmoja: anamshukuru mke wake kwa subira yake na kwa mapishi.

Ukumbi siku ile ulijaa. Walikuwepo wakuu wa shule, mtu wa wizara, machifu wawili, na klabu yote ya kwa Madam Roli. Edirin alikaa safu ya tatu, kavaa kitambaa kizuri, Ejiro mapajani. Ulipofika wakati wa maswali, alimweka mtoto chini akasimama.

"Nina swali kwa mwandishi. Ukurasa wa themanini na moja kuna neno ukodo. Kamusi gani ya Kiingereza ina ukodo?"

Watu walifungua vitabu vyao. Kicheko kikaanza nyuma. Niliona Onoriode akiutafuta ukurasa. Hakukawia.

"Jamani, mnamwona mke wangu? Hata hapa ananionjea chumvi!" Ukumbi ukalipuka. "Hilo nililiweka makusudi, nikiwa Lagos na njaa ya nyumbani. Nani kati yenu hana njaa ya nyumbani?"

Wakapiga makofi. Edirin alingoja yaishe.

"Neno hilo niliandika mimi," alisema. "Orodha zote niliandika mimi, kwa mkono huu, miaka kumi na mmoja. Oga Kamusi yupo pale mbele, aliziona daftari. Neno hilo alinikatalia yeye mwenyewe, kisha nikamwonyesha nimeliandika. Oga, waambie."

Mtu wa wizara aligeuka kunitazama. Machifu wakageuka. Onoriode hakunitazama kabisa. Alikuwa anapanga vitabu mezani, kimoja juu ya kingine.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno. Kwa miaka yote ile kazi yangu ilikuwa jambo moja tu, kusema lipo au halipo.

"Maneno ni ya kamusi," nilisema. "Hayana mwenyewe."

Watu walilipenda sana jibu hilo. Chifu mmoja alilirudia kwa sauti. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Kidato cha tatu huyo, ameandika kitabu wapi?"

Edirin alimpakata mtoto, akakaa, na akabaki pale mpaka mwisho wa shughuli, hata picha zilipopigwa. Nadhani alitaka nimwone. Nilimwona.

Mwezi uliofuata alihamia Ughelli kwa dada yake. Duka la Mzee Ighoteguono lilikuwa limeshafungwa. Matangazo ya misiba siku hizo yalitoka kwenye kompyuta, E nyingi mtu anavyotaka. Kikundi cha Jumatano kilikufa. Klabu ilihamia hotelini, ikapata viyoyozi, ikapoteza watu.

Mimi nilikuwa mwamuzi mkuu. Nilikwenda Abuja, Accra, hata Nairobi mara moja. Kila tulipofika, Onoriode alinishika bega na kuwaambia wageni, "Huyu ndiye shahidi wangu. Aliniona nikianza." Nilikula chakula cha hoteli na kuvaa koti lenye nembo. Miaka minane.

Mwaka 2009, tukiwa kwenye kiamsha kinywa huko Abuja, nilimuuliza daftari ziko wapi.

"Daftari gani?"

"Ishirini na tatu. Za Edirin."

"Ah, zile." Alipaka siagi mkate wake. "Tulipohama nyumba nilimwambia mlinzi achome takataka za stoo. Nadhani zilikuwemo. Kwa nini, unaanzisha makumbusho?"

Sikumaliza chai. Niliporudi Warri nilienda Ughelli moja kwa moja.

Alikuwa na kibanda cha sufuria na sahani kando ya soko. Nywele zimeingia mvi. Alinisalimu vizuri, akaniletea kiti, akanipa maji. Nilimwambia habari za daftari bila kuzunguka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mfuniko, akaendelea kufuta.

"Nilijua," alisema. "Mtu hatunzi kitu kinachomshtaki."

"Bado unapanga maneno?"

"Siku hizi nikiona kibao nakisoma kilivyoandikwa."

Kwenye rafu ya ndani, katikati ya masufuria, niliona jalada la bluu. Akafuata macho yangu.

"Cha Ejiro. Wanakitumia shuleni. Mwalimu humsimamisha mbele ya darasa kwa sababu ni mtoto wa mwandishi."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba baba yake mwizi? Ataniuliza shahidi yuko wapi." Aliuweka mfuniko chini. "Wewe mtu mzima mwenye kamusi mkononi ulishindwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye ataubeba?"

Nilimwambia nitaandika barua kwa chama cha taifa. Nitasema yote, na ukurasa wa themanini na moja nitauambatisha.

"Andika," alisema. "Ni dawa yako, inywe. Ila usiniletee majibu."

Niliandika kurasa sita. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari mitatu: barua imepokelewa, chama kinanishukuru kwa utumishi wa muda mrefu, na mwamuzi mwingine ameshateuliwa. Kitabu kikachapwa mara ya nne. Wenzangu wa klabu walisema nimeona wivu kwa kuwa nimeachishwa, na kwa kuwa habari za barua walizipata baada ya mwamuzi mpya kutangazwa, walikuwa na haki kufikiri hivyo.

Mwaka uliofuata Ejiro alishinda mashindano ya shule za sekondari. Baba yake alimtumia ujumbe ahamie Lagos, amfundishe mwenyewe, kwa kuwa kipaji hicho kiko kwenye damu yake. Edirin hakumzuia. Alimkunjia nguo, akamfungia samaki wakavu wa njiani, akamsindikiza mpaka alipopanda gari.

Nilipopata habari nilikwenda tena kibandani. Nilimuuliza kama kabla ya kuondoka alimwambia mtoto ukweli, hata nusu yake. Alisema hapana. Kulikuwa na wanawake wawili wamesimama nyuma yangu wanaangalia sahani. Akaniuliza kama nanunua sufuria au nimekuja kuwazibia njia wateja.